Maswali Yenu: Mchungaji Bunyan, Jela ya Bedford na Mama Elizabeth

Toleo lililopita nilimgusia John Bunyan kidogo tu, kwamba alikuwa fundi masufuria wa Uingereza akaja kuwa mchungaji na ndo aliyeandika kile kitabu tunachokijua kwa jina la Safari ya Msafiri, na meseji zilizokuja kuhusu huyo mzee ni nyingi kuliko za mada yenyewe. Basi leo safu yote ni yake. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na la mama wa Kisumu nimelipa nafasi kubwa makusudi, manake hilo kanisani huwa tunaliruka.

SWALI (msomaji, Morogoro): Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Nimesikia kwenye mahubiri kwamba Bunyan alifungwa miaka 12 kwa kosa la kuhubiri. Sasa Uingereza si ilikuwa nchi ya Kikristo, mfalme Mkristo, hakimu Mkristo, inakuwaje wamfunge mtu anayehubiri Biblia hiyohiyo yao? Au kuna kosa lingine hatuambiwi?

JIBU: Amina ndugu yangu, asifiwe. Hakuna kosa lingine, kosa lilikuwa hilohilo la kuhubiri, ila ili uelewe lazima uone nchi ilikuwa imetoka wapi. Ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe, bunge na mfalme, Bunyan mwenyewe akiwa kijana wa miaka 16 alichukuliwa jeshi la bunge akapelekwa kambi ya Newport Pagnell, na mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Ikafuata miaka ya Oliver Cromwell, kiongozi wa upande wa bunge, makanisa madogo ya kujitegemea yakapumua, mafundi na wakulima wakawa wanahubiri majumbani na kwenye maghala bila kumwomba askofu ruhusa. Mwaka 1660 mtoto wa yule mfalme, Charles wa Pili, akarudishwa kwenye kiti, na waliorudi nae madarakani wakaiona ile mikutano ya majumbani kuwa ndiko uasi unakopikwa. Wakaanza kuitumia tena sheria ya mwaka 1593, ya enzi za malkia Elizabeth wa Kwanza, iliyokataza watu kukusanyika kwa ibada nje ya kanisa la serikali.

Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alikuwa ahubiri kwenye nyumba moja huko Lower Samsell, kusini ya mji wa Bedford. Alishaambiwa kabla kwamba hati ya kumkamata imetoka, mwenye nyumba akamshauri waahirishe, yeye akatoka nje akatembea kidogo shambani anawaza, akarudi akasema hapana, nikikimbia mimi hawa walioamini juzi juzi watafanya nini. Wakamkuta amefungua Biblia.

Januari 1661 akafikishwa mbele ya hakimu Kelynge, na hapa ndo nataka wahubiri wetu wawe makini, manake tunasema miaka 12 kama vile ndo hukumu aliyosomewa. Hukumu ilikuwa miezi mitatu. Baada ya hiyo miezi mitatu kama hataki kwenda kanisa la parokia na kuacha kuhubiri atafukuzwa nchini, na akionekana amerudi bila kibali atanyongwa. Akajibu palepale kwamba leo mkinitoa jela kesho nahubiri tena kwa msaada wa Mungu. Kumfukuza hawakumfukuza, kumnyonga hawakumnyonga, wakamwacha tu ndani, na mlango ulikuwa unafunguka siku yoyote ambayo angekubali kutoa ahadi. Kwa hiyo ile miaka 12 ni siku elfu kadhaa za mtu kuamka asubuhi na kusema tena hapana, na mimi naona hilo ni zito kuliko hukumu ya mara moja.

SWALI (mama wa watoto watatu, Kisumu): Hamjambo hapo. Mume wangu ni mhubiri, kwa hiyo swali hili silitoi hewani. Nimesoma kwamba huyu Bunyan alikuwa na watoto wanne, mmoja kipofu, mke ana mimba, na kutoka jela ilikuwa ni kusema tu sitahubiri. Kwa nini tunamsifu? Watoto walikula nini? Na mbona mke hatajwi kabisa? Naomba nijibu bila kuzunguka.

JIBU: Hatujambo mama, na asante kwa kuuliza hivyo. Sizunguki.

Mke anaitwa Elizabeth, na alikuwa wa pili. Wa kwanza, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alioana na Bunyan wakiwa maskini kiasi kwamba mwenyewe anasema hawakuwa hata na sahani wala kijiko, huyo mama akaja na vitabu viwili tu vya dini alivyoachiwa na baba yake. Walizaa Mary, ambaye alizaliwa haoni, halafu Elizabeth, John na Thomas. Mama yao akafa mwaka 1658. Mwaka uliofuata Bunyan akamuoa huyu Elizabeth, bado msichana, akaingia kwenye nyumba yenye watoto wanne wasio wake, na hata miaka miwili ya ndoa haijaisha mume akakamatwa. Alikuwa mjamzito. Habari ilipomfikia alishtuka uchungu ukaanza kabla ya wakati, akahangaika nao siku nane, akajifungua, mtoto akafa.

Huyohuyo mama ndo alienda London kupeleka maombi kwa mabwana wa bunge, wakamwambia jambo hili liko mikononi mwa majaji watakaokuja Bedford. Agosti 1661 majaji wakaja. Akampa karatasi jaji Matthew Hale, huyo akampokea kwa upole ila akasema anaogopa hataweza kumsaidia. Kesho yake akairusha karatasi nyingine kwenye gari la farasi la jaji Twisden, huyo akamfokea. Hakukata tamaa, akaingia kwenye chumba cha hoteli ya Swan, majaji wamekaa na wakubwa wa wilaya wamejaa, msichana wa watu peke yake katikati yao, akaanza kujibu hoja.

Twisden akauliza, mume wako ataacha kuhubiri? Akasema, bwana wangu, hathubutu kuacha kuhubiri maadamu anaweza kusema. Akaeleza ana watoto wanne wadogo wasiojiweza, mmoja ni kipofu, na wanaishi kwa sadaka za watu wema. Hale akashangaa, wewe mbona ni mdogo sana kuwa na watoto wanne? Akasema mimi ni mama wa kambo tu. Twisden akadai anautumia umaskini kama vazi la kujifichia. Hale akauliza mume wako anafanya kazi gani, watu wakadakia kwamba ni fundi masufuria, na hapo Elizabeth akasema neno ambalo mimi kila nikilisoma nasimama kidogo: ndiyo, na kwa sababu ni fundi masufuria na ni maskini, ndo maana anadharauliwa na hawezi kupata haki.

Hawakumpa kitu. Hale alimwelekeza njia za kisheria za kujaribu, basi. Akatoka analia, na alisema baadae kwamba hakulia sana kwa ugumu wa mioyo yao kwake na kwa mumewe, alilia akifikiria hesabu ambayo majaji hao, maskini ya Mungu, watakuja kuitoa Bwana atakaporudi. Haya yote Bunyan aliyaandika alivyosimuliwa na mkewe, kwa hiyo aliyemtoa Elizabeth kwenye stori ni sisi huku baadae, Bunyan hakumtoa.

Watoto walikula nini. Bunyan ndani ya jela hakuweza kufua bati, akajifunza kusuka kamba ndefu za kufungia nguo, zile zenye ncha ya chuma, akazitengeneza maelfu kwa maelfu zikauzwa, na washirika wa kanisa lao dogo la Bedford wakachangia. Si maisha mazuri hayo mama, ni ya kubahatisha.

Na yeye alijua. Kwenye kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1666 akiwa bado ndani anasema kuachana na mke na watoto kulikuwa kama kunyofolewa nyama kwenye mifupa, hasa yule kipofu, aliyekuwa karibu na moyo wake kuliko wote. Anasema alikuwa akimuwaza, maskini mtoto, utapigwa, utaombaomba, utapata njaa na baridi na uchi, na mimi hata upepo kukupuliza siwezi kuuvumilia. Anasema alijiona kama mtu anayebomoa nyumba yake juu ya vichwa vya mkewe na watoto, na bado akawa anajiambia sina budi, sina budi. Mary alifariki baba yake akiwa bado mfungwa.

Sasa kwa nini tunamsifu. Mimi binafsi namheshimu kwa sababu hakuwahi kujifanya kwamba gharama haipo, na kwa sababu mtu ambaye gharama ilimwangukia zaidi, yaani Elizabeth, alisimama mbele ya majaji akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mume wake hawezi kuacha. Wangemvunja kirahisi sana kwa kupitia kwake, angesema tu nitaenda kumshauri aache. Hakusema. Kwa hiyo hili lilikuwa lao wawili. Ila mtu asije akachukua stori hii akamwambia mke wake vumilia kama mke wa Bunyan wakati yeye hajafungwa na mtu yeyote, anazunguka tu mikutano mkoa kwa mkoa na ada za watoto hajalipa. Bunyan alikuwa amefungiwa na bado mikono yake ilisuka kamba usiku na mchana nyumbani wale. Mwonyeshe mzee wa nyumba aya hii ukitaka, nimeiandika nikijua ataisoma.

SWALI (mwinjilisti kijana, Iringa): Shikamoo mwalimu. Mimi nimeishia darasa la saba, nina kipawa cha kuhubiri ila kanisani wananiambia mpaka nikasome chuo cha Biblia. Bunyan hakusoma chuo chochote na Mungu akamtumia. Je si ushahidi kwamba elimu haihitajiki?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nusu ya unachosema ni kweli kabisa. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 kijiji cha Elstow karibu na Bedford, baba yake fundi wa vyombo vya chuma na shaba, wazazi walimpeleka shule akajua kusoma na kuandika, na anakiri mwenyewe kwamba hata hicho kidogo alikipoteza karibu chote. Wasomi wa wakati wake walimdharau kwa hilo. Inasimuliwa kwamba mfalme Charles wa Pili alimuuliza Dk. John Owen, msomi mkubwa wa Oxford, inakuwaje mtu kama wewe unaenda kumsikiliza fundi masufuria, Owen akajibu kwamba angepata uwezo wa fundi huyo wa kugusa mioyo ya watu angeitoa elimu yake yote kwa furaha.

Nusu ya pili ndo usiiruke. Siku moja akiwa kazini Bedford alipita mahali akakuta wanawake watatu wanne maskini wamekaa mlangoni wanaota jua, wanaongea habari za Mungu alivyowatendea, na yeye ambaye alijiona anajua kuongea dini akagundua hawa wako mbali, haelewi hata wanachosema. Akaanza kuwafuata. Hao ndo wakampeleka kwa mchungaji wao John Gifford, ambae zamani alikuwa ofisa wa jeshi la mfalme, na Bunyan akakaa chini ya huyo mchungaji anafundishwa, anaulizwa, anahangaika na mashaka yake miaka mingi. Alipoanza kuhubiri hakujituma mwenyewe, washirika walimsikiliza kwanza kwenye vikao vidogo, wakafunga na kuomba, ndo wakamtuma hadharani. Na Biblia alikuwa ameila mpaka ukimkata anatoka damu ya Biblia. Halafu akaandika vitabu karibu 60 hivi maisha yake yote.

Kwa hiyo kama wazee wako wanakwambia usome, soma, na kama ada ya chuo haipo waambie wazi wakupe mzee mmoja wa kukulea kama Gifford alivyomlea Bunyan, wakikataa na hilo basi hapo una haki ya kulalamika. Kipawa unacho, sikikatai.

SWALI (mwalimu wa sunday school, Tanga): Je Safari ya Msafiri iliandikwa jela kweli? Na nikiwasomea watoto mwanzo ule ambapo Mkristo, yule msafiri mwenyewe, anamkimbia mke na watoto wake ameziba masikio, wananiuliza mbona kawaacha. Nawajibuje?

JIBU: Dalili ni kwamba ndiyo, angalau alikianzia huko. Kitabu kinaanza na mtu anayetembea nyika ya dunia hii, anafika penye pango, analala, anaota ndoto, na pembeni ya ukurasa pameandikwa kwamba hilo pango ni jela. Aliachiwa mwaka 1672 mfalme alipotangaza uhuru kidogo wa ibada, na kanisa lilikuwa limeshamchagua kuwa mchungaji Januari hiyo kabla hata karatasi zake hazijakamilika, wakanunua ghala Bedford likawa ndo kanisa. Msamaha wake rasmi alikuja kuupata jina lake likiwa kwenye orodha iliyoandaliwa na Wakweka (Quakers), kundi jingine la Wakristo nje ya kanisa la serikali, watu ambao vitabu vyake vya kwanza kabisa alivitumia kuwapinga, na wao wakamwingiza hivyohivyo, jambo ambalo kwa kweli linanifurahisha sana. Akafungwa tena kama miezi sita kati ya 1676 na 1677, kitabu kikatoka London mwaka 1678 kwa mchapishaji Nathaniel Ponder.

Kabla ya kuchapa aliwaonyesha marafiki, na anaeleza mwanzoni mwa kitabu, wengine walisema John chapisha, wengine wakasema usithubutu, wengine wanasema kitafaa wengine hapana. Walioogopa walikuwa wanaona ni hadithi ya kutunga tu, mchungaji ataandikaje hadithi. Akaamua kuchapa.

Ukitaka kuona jela iko wapi ndani ya kitabu nenda kwenye Soko la Ubatili, pale Mkristo na msafiri mwenzake Mwaminifu wanapokamatwa kwa kosa la kutonunua kitu. Ile kesi ya Mwaminifu, hakimu anavyomtukana mshtakiwa kabla hajajitetea, mashahidi wa wivu, wazee wa baraza walioamua kabla ya kusikia, hayo kayaona kwa macho, mtu hawezi kuyabuni vizuri hivyo. Na lile jitu linaloitwa Kukata Tamaa, linalowafungia kwenye ngome mpaka Mkristo anakumbuka ana ufunguo kifuani uitwao Ahadi, hapo soma taratibu watoto waelewe kwamba ufunguo alikuwa nao siku zote.

Kuhusu mke na watoto, watoto wako wameuliza vizuri. Mkristo aliwasihi kwanza, wakamwona amechanganyikiwa, wakamkaripia, ndo akatoka. Ila Bunyan hakuliacha hivyo. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili na humo mke, anayeitwa Christiana, anafunga safari na wanawe wanne na binti jirani aitwae Rehema, na safari yao haifanani na ya baba. Wanakwenda kundi zima, wanapewa mlinzi shujaa wa kuwasindikiza, wanapumzika, vijana wanaoa, vilema na waoga nao wanachukuliwa njiani na hakuna anayeachwa. Mimi naipenda sehemu hiyo kuliko ya kwanza. Naamini aliandika akiwa na Elizabeth kichwani. Wasomee zote mbili.

SWALI (msomaji, Bukoba): Kitabu kimeuzwa hivyo, alitajirika?

JIBU: Hapana. Kiliuzwa shilingi moja na peni sita, kikachapwa mara 11 akiwa hai, wajanja wakakichapa kwa wizi. Yeye alipokufa mali yake yote ilithaminiwa pauni 42 na shilingi 19. Na kitu kingine, Desemba 1685, hali ya wahubiri ilipokuwa mbaya tena na mali za watu zinanyang'anywa, aliandika hati ya kumpa Elizabeth kila alichonacho ili wakimkamata mama asibaki mikono mitupu, na humo hajiiti mchungaji wala mwandishi, anajiandika fundi. Akaificha kwenye ukuta wa nyumba, vizuri mno hadi alipofariki haikuonekana. Ilipatikana mwaka 1838 nyumba inabomolewa.

SWALI (msomaji, Bujumbura): Kitabu cha Mwingereza wa zamani kilifikaje kwetu Afrika, na kwa nini wazee wetu walikipenda vile?

JIBU: Kilikuja kwenye mizigo ya wamisionari, mara nyingi kikitafsiriwa baada tu ya Biblia, na leo kiko kwenye lugha zaidi ya 200, za Afrika peke yake karibu 80. Ila kukipenda ni kitu kingine. Angalia Madagaska. Malkia Ranavalona wa Kwanza alipoupiga marufuku Ukristo mwaka 1835 wamisionari wakaondoka, waumini wakabaki wanawindwa, na walikuwa wanakinakili kitabu cha Bunyan kwa mkono, karatasi kwa karatasi, wanapeana kwa siri pamoja na vipande vya Biblia. Hao hawakuhitaji kuelezwa Soko la Ubatili ni nini. Na kwetu huku nadhani msafiri aliyebeba mzigo mgongoni anaingia akilini haraka sana, njia ndefu, wezi, mito ya kuvuka, watu wa kukaribishwa kwao usiku. Wazee wetu walikuwa wameitembea njia hiyo kwa miguu.

SWALI (msomaji, Mombasa): Alikufaje? Na nianze na kitabu gani?

JIBU: Agosti 1688 alipanda farasi kwenda Reading kupatanisha baba na kijana wake waliokosana, baba alikuwa anataka kumnyima urithi. Wakapatana. Kutoka hapo kwenda London mvua kubwa ikamnyeshea njiani, akafika kwa rafiki yake mwenye duka ameloa chapachapa, homa ikampanda, akafa tarehe 31 mwezi huo, miaka 59. Amezikwa makaburi ya Bunhill Fields, London.

Kuanza, anza na Safari ya Msafiri sehemu ya kwanza, maduka ya vitabu ya makanisa yanayo mara nyingi, ila angalia isiwe ile iliyofupishwa mno ya kurasa chache, manake wanakata mazungumzo ya njiani na utamu wote uko humo. Kama Kiingereza kinapanda tafuta Grace Abounding, ndo ile stori ya maisha yake, na chapa nyingi zimeunganishwa na maelezo ya kesi pamoja na Elizabeth mbele ya majaji. Mama wa Kisumu, hiyo ya kesi anza nayo wewe.